Herufi E ya Mashini ya Théodore

Nilikuwa fundi wa mashini ya kuandika. Siyo cherehani, apana. Ninasema ile mashini ya biro, ya chuma, yenye inalia ta-ta-ta, na ukifika mwisho wa mustari inapiga kengele, ting. Mu Bunia nzima balinijua kwa jina hiyo: Ambroise wa mashini. Hata leo utasikia mutu ku soko anasema, “Aah, ule muzee iko na akili sana, alikuwa anafanya kila kitu na mashini za zamani.” Bananisifu. Na kila mara bananisifu juu ya ile akili, mimi natafuta fasi ya kuficha uso wangu, naikosa.

Sikia basi, nitasema yote. Na usinikate maneno, juu nikikatwa sitaweza kuanza tena.

Baba yangu alitoka mbali kuja kuchimba dhahabu ku Mongbwalu. Mimi nilizaliwa kule, katikati ya batu ya kila fasi, Bakristo na Baislamu, na kabila yetu ilikuwa ya mbali sana hata wakati wa vita hakuna mutu alitutafuta juu yake. Shimo sikuipenda. Nikishuka chini nilikuwa nalia sawa mutoto muchanga, baba akapata haya, akanituma Bunia kwa muzee Evariste, mwenye alikuwa anatengeneza mashini za mission na za serikali. Ule muzee alikuwa na mudomo muchafu! Alinitukana kila siku ya Mungu, miaka ine, lakini alinifundisha kazi. Nikaoa Clémence, tukajenga ku Mbunya, mutaa mumoja wa hapa, tukapata batoto batano. Tulikula, tulisomesha, tulivaa, yote juu ya zile mashini.

Kisha, mbele kidogo ya vita, ordinateur, hizi kompyuta, zikaanza kuingia mu mji. Batu ya biro bakaanza kutupa mashini zao kwa ukuta ya nyuma. Balikuwa bananicheka mu njia: “Ambroise, kazi yako imekufa, utaizika lini?” Mimi hasira yangu iko karibu. Nilibajibu kama batakuja kunipigia magoti.

Nikaanza kukusanya zile mashini zilizotupwa na kuzipasua. Ile kengele ndogo, nilifunga ku kinga, ile baiskeli, na bajeune, bale vijana benye banabeba batu na kinga, bakanikimbilia, kila mumoja anataka ting yake. Mupira wa rouleau, ule mti wa duara wenye karatasi inazungukia, nilikata vipande, ikakuwa joint ya kuziba pompe ya maji. Zile chuma nyembamba zenye zinarusha herufi, nilizinoa, mama ya soko bakachomea nyama, bengine bakashonea magunia. Zile vibonyezo vya duara, vyenye herufi chini ya kioo, niliziweka ndoano, ikakuwa hereni. Ungeona basichana ya Bunia! Huyu anatembea na S ku masikio, huyu na M, na yule hana herufi ya jina yake anakuja kunilaumu. Vikopo vya ruban, ule utepe wa wino, Abdoul, mucuruzi wa dhahabu wa Mongbwalu, alibeba karibu vyote, anasema hakuna kikopo kinafunga unga ya dhahabu vizuri sawa kile. Nyumbani Clémence alikuwa anasukuma chapati na rouleau nzima. Franchement, nilijivuna. Nilikuwa natembea kifua mbele.

Na ile ya cachet, nilianza kwa uzuri. Mungu anajua. Vita iliingia mu mji, batu bakaibiana mu mabiro na mu mahospitali, na infirmière mumoja, muuguzi wa dispensaire, alikuja kwangu analia kama cachet yake, ule muhuri wa kazi, imeenda na waporaji. Bila cachet, depot ilikuwa inakataa kumupa dawa. Nikakaa, nikafikiri. Ukiangalia herufi ya mashini karibu, iko imeandikwa kinyume, na imesimama juu ya chuma. Ni nusu ya cachet tayari! Kila chuma iko na herufi mbili, kubwa na ndogo. Unakata ndogo na tupa, unabakiza kubwa, unazipanda kwa duara mu mupira wa kandambili, unazifunga ku kipande cha ubao. Wino unakamua ku ruban. Nilimupigia infirmière cachet yake ku karatasi, na alinikumbatia mbele ya Clémence.

Taabu ni moja. Mashini moja iko na E moja, A moja, basi. Kama neno inataka E ine, lazima uue mashini ine. Na herufi yenye umeikata na tupa hairudi tena ku mashini, hata ungekuwa fundi wa mbinguni.

Sasa niseme juu ya Théodore. Alikuwa rafiki yangu wa kwanza mu mji huu, greffier, ule anaandika maneno ya kesi ku tribunal. Alikuwa na mashini yake mwenyewe, nyeusi, nzito, yenye E yake kubwa ilikuwa imekatika mukono wa katikati. Ukiona mbio unazani ni C. Siku ya kwanza nilimuambia nitaibadilisha bure. Akaruka sawa nimemuchoma na moto. “Ambroise, usiiguse! Siku mutu ataleta papier ya uongo anasema ni mimi niliandika, nitatafuta E tu.” Magreffier ya zamani balikuwa hivyo. Kila mumoja alijua kasoro ya mashini yake na hakukubali itengenezwe, njo ilikuwa ngao yao mbele ya bandanganyifu. Bibi yake, Mama Monique, hakujua kuandika nayo, lakini kila samedi, Jumamosi, alikuwa anaipangusa na kitambaa, chuma kwa chuma. Théodore alikufa na homa miaka kadhaa mbele ya vita kufika Bunia. Mama Monique akabaki na nyumba yenye balijenga pamoja, ya matofali, mabati, na miti mbili ya mavokati, maparachichi, kwa uwanja, na ile mashini. Mutoto hakukuwa, bawili benye alizaa balikufa badogo.

Mwaka wa deux mille deux, elfu mbili na mbili, mwezi wa munane, kabila ya Mama Monique ikaanza kutafutwa nyumba kwa nyumba. Sitaitaja. Miezi mingine ilitafutwa ile ingine, na nani alikuwa muzuri hapo? Alikuja kwangu saa sita ya mchana, anabeba mashini ku kichwa, kilemba kimelowa jasho.

“Papa Ambroise, nakimbia. Siwezi kupita nayo mu pori. Nichungie.”

“Mama Monique,” nikamuambia, “hata kibonyezo kimoja hakitatoka.”

Niliapa. Hakuniomba kuapa, ni mimi mwenyewe na mudomo wangu. Akaenda na mufuko mumoja, akashika njia ya Komanda na bengine.

Miezi mbili ilipita. Siku moja jeune mumoja akaingia mu atelier yangu, shati nyeupe, viatu vinangaa, kalamu mbili ku mufuko. Rodrigue. Alikuwa secrétaire wa bale benye balishika mji wakati ule. Alisalimia vizuri, akakaa ku kiti yenye haina mugongo bila kulalamika, akaangalia hereni na kengele na zile cachet zangu za dispensaire. Kisha akasema kwa Kifaransa muzuri kama mu Bunia nzima hakuna mutu wa akili sawa mimi.

“Monsieur l’ingénieur,” aliniita, bwana muhandisi.

Ingénieur! Mimi, mwenye sikumaliza hata primaire.

Akaeleza kazi. Cachet ya serikali ya biro ya parcelles, ile ya viwanja, ilipotea, karani alikimbia nayo. Sasa batu bengi balikuwa banatoka Djugu, nyumba zao zimeungua, hawana fasi ya kulala, na hapa mu mji kuna nyumba tupu. Balitaka kubagawia kwa utaratibu, na papier, na cachet. “Siye tunarudisha tu ile ilipotea,” alisema. Akanionesha alama ya zamani ku karatasi: BUREAU DES PARCELLES. Akaweka ku meza gunia ndogo ya chumvi na sabuni kumi. Wakati ule chumvi ilikuwa imekuwa kitu ya kuota.

Nyumba tupu. Nilijua zilikuwa za nani. Nisiseme sikujua! Hata kichaa wa soko alijua.

Alipoenda, nikahesabu herufi. E ine. Mimi nilikuwa na mashini tatu tu zimebaki na herufi. Nilizunguka mu atelier sawa kuku anatafuta fasi ya kutaga. Nilifikiri kukata E ku ubao, ku kandambili, lakini haingekuwa sawa, na mimi ingénieur sikutaka ionekane kazi ya ovyo. Kwa kona, chini ya kitenge, kulikuwa mashini ya Théodore.

Hapa njo haya yangu iko. Miaka hii yote nimeacha batu bafikiri kama kulikuwa bunduki. Hakukuwa bunduki. Rodrigue hakuinua hata sauti. Aliniita ingénieur, akaweka chumvi ku meza, na mimi nikatoa kitenge.

Nilijidanganya kama nitachukua E moja tu. Lakini mashini ikishafunguliwa, mukono unazoea. R yake ilikuwa nzuri, L yake ilikuwa safi kupita zingine. Ile E yenye mukono umekatika niliiweka ku neno DES, katikati, nikisema ni nani ataiona pale. Clémence alipouliza chumvi imetoka wapi, nikamuambia ni malipo ya kengele za kinga. Tuliila miezi mbili. Ilikuwa tamu, na hiyo nayo inanichoma.

Mwaka uliofuata mji ulibadilika mikono mara nyingi hata sitaki kukumbuka. Siye tulilala mu kambi karibu na uwanja wa ndege, tukarudi, tukakimbia, tukarudi. Kisha basoda bazungu bakaja, bunduki zikapungua mu njia, na batu bakaanza kurudi kidogo kidogo kuangalia kama nyumba zao zingali zinasimama.

Mama Monique alirudi mwezi wa saba. Nilimuona ku mulango wa atelier, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, lakini anacheka.

“Papa Ambroise! Kumbe uko muzima!”

Nikasema niko. Alinishika mikono yote mbili, akauliza Clémence, akauliza batoto mumoja mumoja kwa majina yao. Mimi nilikuwa nasimama mbele ya kona yenye mashini ilikuwa, ili asione. Hakuiuliza hata. Alikuwa na kitu ingine ku roho.

“Nimeenda kwangu,” alisema. “Kuna mutu ndani. Floribert anaitwa, na bibi yake na batoto. Siyo batu babaya, balinipa maji. Lakini banasema nyumba ni yao, banaonesha papier ya serikali. Papier zangu ziliungua. Chef Donatien ametuita mercredi. Papa Ambroise, weye maisha yako yote ni mashini na papier za biro. Njoo unisaidie. Angalia ile papier yao, uambie chef kama iko ya uongo. Neno yako atalisikia.”

Ningefanya nini? Nilisema nitakuja.

Siku ya mercredi, Jumatano, tulikaa ku barza ya Donatien, chef wa quartier, wa mutaa wetu, mutu mukubwa wa tumbo, ancien, muzee wa kanisa yetu. Ku mulango wa uwanja bajeune kumi hivi balisimama, benye nyumba zao pia zilichukuliwa, na macho yao yalikuwa ya moto. Floribert alisimama kwanza. Alikuwa mulimaji, mikono mibaya mibaya ya jembe.

“Mimi sikuiba, chef,” alisema. “Kwangu ku Djugu kuliungua, na ng’ombe, na mama yangu ndani. Tulifika hapa, balinipa papier, bakasema ingia. Niliingia.”

Donatien akasema kwake kazi ni rahisi. Kila mutu anajua Théodore alijenga pale. Lakini papier ya biro ya parcelles ni ya serikali, na yeye chef mudogo hawezi kuivunja. Kama kuna mutu anaweza kuonesha kama cachet ni ya uongo, papier imekufa, na Mama atarudi kwake leo hii. Kama hakuna, Floribert anabaki.

“Ambroise wa mashini,” akaniita, “njoo. Weye njo mujuzi.”

Alinipa ile karatasi. Nilijua hata mbele ya kuishika. Niliona ubao wangu, kandambili yangu, wino wangu. Na pale katikati, ku DES, ile E. Bajeune ku mulango balikuwa bananyosha shingo. Mama Monique alikuwa ananiangalia na tumaini yote ya dunia. Nilikuwa na neno moja tu ya kusema.

“Iko ya kweli, chef,” nilisema.

Nikasikia Mama Monique anavuta pumzi. Hakulia. Aliomba tu, kwa sauti ndogo, kama naye anaweza kuiona. Donatien akamupa. Akaiweka karibu na macho, akaifuata na kidole, herufi kwa herufi, sawa mutu anasoma biblia ya kuazima. Kidole kikasimama.

Akainua uso, akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

“Umeona nini, mama?” chef akauliza.

Muda ule ulikuwa murefu kuliko vita yote. Ningeweza kusema. Mudomo ulikuwa wangu, ulimi ulikuwa wangu.

“Sijaona kitu, chef,” akajibu. “Macho yangu yamezeeka.”

Basi, Donatien akakata maneno. Floribert akabaki na nyumba. Bibi yake akaja kumupa Mama Monique mukono, na Mama Monique akaupokea.

Tulitoka, tukatembea mupaka bajeune babaki nyuma. Alisimama ku kivuli cha ukuta.

“Ile E ni ya bwana yangu.”

Niliangalia ukuta.

“Nimepangusa ile mashini miaka yote ya ndoa, Papa Ambroise. Ulifikiri nitaikosa?”

“Mama Monique…”

“Balikuwekea bunduki?”

Alinipa mulango, unaona? Alinifungulia mwenyewe. Na mimi mujinga, mimi mutu bure, nikaingia mbio.

“Ndiyo, mama,” nikasema. “Bunduki ku kichwa. Mbele ya batoto.”

Macho yake yakajaa maji. Akanishika bega.

“Pole,” akasema. “Pole sana, Papa Ambroise. Balikutesa.”

Aliniambia pole! Nyumba yake imeenda, na ni yeye ananifariji mimi. Ningependa udongo unimeze pale pale, lakini udongo ya Bunia haukunitaka.

Akasema alinyamaza juu ya bale bajeune. Kama angetaja mutu wa cachet mbele yao, bangenichoma na pneu, tairi ya motokari, mbele ya chef kuinuka ku kiti. Lakini kulikuwa njia. Dimanche mu kanisa kuna saa ya ushuhuda, mbele ya mahubiri. Kila mutu anaweza kusimama aseme kitu Mungu alimufanyia, ao kitu anatubu, na mule ndani hakuna mutu anaweza kumugusa. Hata mwizi alishawahi kusimama na tulimuombea. Donatien atakuwa pale, Floribert atakuwa pale na bibi yake. “Utasema kama balikulazimisha, ukatengeneza,” alisema. “Batu bote batasikia. Chef hataweza tena kusema ile papier ni ya serikali. Nitarudi kwangu, na bengine pia batarudi kwao. Na weye utalala usingizi.”

Nikasema nitasimama dimanche. Niliapa tena. Ninaapa mbio, mimi.

Nilimupa chumba ya nyuma, ile ya batoto bakubwa. Clémence alifurahi kabisa, akamupikia sombe, akamutafutia kitanda. Jeudi akaniomba kuiona mashini. Niliileta. Pale herufi zinakaa palikuwa patupu, sawa mudomo wa muzee bila meno. Aliiangalia kidogo, akaifunika na kitenge, akasema, “Bunduki ni mbaya.” Vendredi na samedi alikuwa anaimba anapofagia uwanja. Alimuambia Clémence kama mavokati yake yatakuwa yameiva, atatuletea kikapu.

Mimi sikulala. Kila mara nilijaribu kupanga maneno, yalikuwa yananikwama fasi moja. Kusema bunduki, mu nyumba ya Mungu? Na kama nikisema kweli, niseme chumvi? Niseme ingénieur? Clémence atasikia, batoto batasikia, chumvi ile balikula.

Dimanche kanisa ilijaa mupaka nje. Donatien alikaa ku ubao ya mbele. Floribert alikuwa nyuma na batoto yake, bamevaa mashati ya kuazima. Mama Monique alikaa kando ya Clémence, amefunga kitambaa kipya. Mchungaji akauliza nani iko na ushuhuda. Mama mumoja alisema juu ya mutoto wake alipona. Jeune mumoja alisema juu ya njia ya Bogoro, namna Mungu alimupitisha. Mchungaji akauliza, “Kuna mwingine?”

Mama Monique akageuza kichwa, akanitikisia kidogo, sawa mutu anasukuma mutoto aende mbele.

Nilisimama. Ninaapa nilisimama, na hii kiapo iko ya kweli. Niliangalia bale batu, na kila uso niliouona niliuliza: huyu naye? Na huyu? Papier ngapi zilipigwa na ile cachet? Sikujua. Mpaka leo sijui. Niliona mutu ku ubao ya tatu mwenye alipoteza nyumba, na kando yake mutu mwenye alipewa nyumba, na bote balikuwa bananiangalia na uso muzuri, juu mimi ni Ambroise wa mashini, mutu wa akili, mutu wa batu bote.

Nikafungua mudomo.

“Namushukuru Mungu,” nikasema, “juu ya uzima. Vita ilikuja, ikaenda, na mimi na jamaa yangu tuko hapa.”

“Amina!” kanisa nzima ikajibu. Bakapiga makofi. Donatien alipiga kuliko bote. Floribert pia alipiga. Mtu mumoja nyuma yangu akanigonga mugongo kwa furaha. Mama Monique aliweka mikono yake ku magoti na hakuipiga.

Mama Monique hakula mchana. Mimi nilijificha mu atelier, nasukuma tupa juu ya chuma isiyo na kazi. Nilikuwa namungojea aje anitukane. Nilitaka anitukane! Muzee Evariste angenitukana na ningepona. Hakuja.

Lundi asubuhi alifunga mufuko wake. Alikunja blanketi za Clémence vizuri, akafagia chumba mupaka kona. Mashini aliiacha. Alisema aksanti kwa Clémence, akabariki batoto, akapita mbele yangu, akasema, “Bakia salama, Papa Ambroise,” na sauti ile ile ya siku zote, halafu akashika njia ya kambi, kule kwa hema za plastiki karibu na uwanja wa ndege. Hakusema kwa mutu. Nilijua hatasema. Aliniachia mimi, na alijua sasa kama sitasema.

Clémence alisimama ku mulango, anamuangalia anaenda, ameshika kiuno.

“Ambroise, juu ya nini anaenda kulala mu hema, na chumba iko?” akaniuliza. “Tulimukosea nini?”

“Hatukumukosea,” nikasema. “Unajua batu ya kabila yake. Banapenda kukaa bao kwa bao, mbali na siye.”

Clémence akatikisa kichwa polepole. Akasema, kumbe ni hivyo, na alikuwa anamuzania mutu muzuri. Alinisadiki.